Mtoto mgeni shuleni naye apewe zamu

Shule nyingi zinazopokea watoto kutoka nchi nyingine zimejua kuiandaa siku ya kwanza. Mwalimu mkuu anampokea mtoto mlangoni, darasa limeshaambiwa kuna mwenzao mpya, jina lake limeandikwa ubaoni na pengine salamu kwa lugha ya kwao. Watoto wanapiga makofi. Mzazi anaondoka moyo umetulia. Sina neno baya juu ya siku hiyo. Mtoto aliyeingia darasa geni huku magoti yanamtetemeka, akakuta jina lake limeandikwa bila kosa, amepata kitu kikubwa, na zipo shule ambako hata hilo halifanyiki. Ila tumeigeuza siku hiyo kuwa kipimo cha ukarimu wa shule, ilhali mtoto anapokewa au anatengwa baada ya makofi kwisha. Na kinachoamua ni swali ambalo walimu wachache hujiuliza: darasa hili linamhitaji mtoto huyu kwa jambo gani?

Mtazame katika wiki ya tatu. Ana miaka 9, na katika kila maneno kumi ya mwalimu anaambulia moja au mawili. Kengele ya mapumziko inapolia, wenzake wanatoka mbio kwa sababu kila mmoja anajua anakokwenda. Yeye anachelewa makusudi. Anazipanga penseli zake kwenye kikasha, anazitoa, anazipanga upya. Anaomba ruhusa ya kwenda msalani ingawa hana haja, kwani huko hakuna atakayemwona amesimama peke yake. Akitoka nje anapita kando ya ukuta kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli, maana ameshagundua kwamba mtoto anayetembea haulizwi kitu. Anazunguka jengo mara mbili, kengele inalia tena, naye anashusha pumzi.

Hakuna aliyemtendea ubaya. Wale waliompigia makofi ni walewale, na ukiwauliza watakwambia wanampenda. Lakini wana michezo yenye kanuni ambazo hazijaandikwa popote, wana utani wa tangu darasa la kwanza, wana timu zilizokwisha kugawanywa, na hakuna anayejua amwingize wapi mtu asiyeweza kuuliza "nami niingie?" Mwalimu wa zamu yupo uwanjani, ila macho yake yanatafuta ugomvi na magoti yaliyochubuka, na upweke haupigi kelele. Ukimuuliza mwalimu wa darasa atakujibu kwa dhati kabisa kwamba mtoto anaendelea vizuri: ni mtulivu, hana matatizo na mtu.

Wahenga walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi methali hii inatumika zaidi kumsuta mgeni asiyetaka kuondoka, na wengi tunaisikia kama neno la ukali. Mimi naiona ina heshima kubwa ndani yake. Anayeshika jembe ameacha kuhudumiwa. Ana sehemu yake shambani, na asipotokea asubuhi wataulizana yuko wapi. Shule nyingi hazifiki siku ya tatu. Mtoto mgeni hapewi zamu ya kufuta ubao kwa kuwa hataelewa maelekezo. Hatumwi kupeleka karatasi ya mahudhurio ofisini kwa kuwa atapotea. Haulizwi swali ili asiaibike. Kwenye kazi ya kikundi anapewa kupaka rangi kichwa cha bango huku wengine wakijadili kitakachoandikwa chini yake. Kila uamuzi, ukiuchukua peke yake, umetokana na huruma, na ndiyo maana kasoro yake ni ngumu kuiona: hakuna wa kumlaumu. Lakini watoto wote wa darasa wanatazama, na wanachojifunza wiki baada ya wiki ni kwamba hakuna kazi inayoharibika mtoto huyu asipokuwepo. Naye anajifunza hivyohivyo.

Kuna jaribio la zamani ambalo kila mwalimu mwenye mtoto mgeni darasani angefaa kulijua. Mwaka 1971 shule za mji wa Austin, katika jimbo la Texas nchini Marekani, zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, ambao hadi hapo walisoma mbalimbali. Kukaa chumba kimoja hakukuleta urafiki, kulileta ngumi. Mwanasaikolojia Elliot Aronson, aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji huo, akaombwa msaada. Yeye na wanafunzi wake walianza kwa kukaa madarasani na kutazama. Walichokiona anakifahamu yeyote aliyewahi kukalia dawati: mwalimu anauliza, mikono inapanda, mmoja anachaguliwa, na wasiochaguliwa wanaomba kimoyomoyo akosee ili nafasi iwafikie. Katika darasa la namna hiyo, asiyejiamini katika lugha ndiye wa kwanza kunyamaza, na wenzake wananufaika na kimya chake.

Wakaibadilisha kazi yenyewe. Watoto waligawanywa katika vikundi vya watano au sita vilivyochanganyika, na somo likakatwa vipande. Kila mtoto alipewa kipande kimoja akisome, akielewe, kisha awafundishe wenzake wa kikundi. Hakuna aliyepewa karatasi za wengine, na mtihani ungeuliza somo zima. Aronson ameeleza yaliyotokea katika kikundi chenye mvulana aliyezungumza Kihispania nyumbani. Zamu yake ilipofika alikwama, akababaika. Wenzake wakafanya walichozoea, wakamdhihaki. Msaidizi wa utafiti aliyekuwa karibu hakuwaambia waone haya wala wawe na moyo mwema. Aliwakumbusha jambo moja tu: mtihani unakuja, na sehemu hiyo ya somo hawataipata kokote isipokuwa kwa mvulana huyu. Baada ya siku chache watoto walewale walikuwa wamejifunza kumhoji. Walimuuliza maswali yaliyomsaidia kutoa alichokijua, wakamngoja ajibu, wakauliza tena. Majibu yakaanza kutoka vizuri, nao wakagundua kwamba mwenzao ana akili kuliko walivyodhani. Walipoiona akili yake wakaanza kumpenda, naye akaanza kutulia.

Msaidizi yule ndiye ninayemfikiria mara kwa mara. Tunapowaambia watoto wawe wema kwa mgeni, tunawapa kazi isiyo na mwisho wala matokeo, na wema wa mtoto wa miaka 9 huchoka kabla wiki haijaisha. Haja haichoki. Mtoto akijua kwamba bila mwenzake kazi haikamiliki, atamtafuta hata siku ambayo hana hamu ya kuwa mwema, na katika kumtafuta watazoeana. Mwanasaikolojia Gordon Allport wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa ameandika mwaka 1954 kwamba kuwakutanisha tu watu wa makundi tofauti hakutoshi kuondoa chuki. Wakutane wakiwa na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka mahali hapo waunge mkono waziwazi. Sijui mahali pengine ambapo mtu mmoja anaweza kuyapanga yote manne kabla ya mapumziko ya asubuhi, kama mwalimu anavyoweza darasani kwake.

Nitaulizwa: mtoto asiyejua lugha atoe nini? Mengi. Aliyefundishwa kugawanya kwa njia ya nchi nyingine ana njia ambayo darasa halijaiona, na tarakimu zinaeleweka bila sentensi. Anaweza kushika saa kwenye mbio, kupima urefu wa mimea ya somo la sayansi na kuandika vipimo kwenye jedwali la darasa zima, kusoma kwa sauti aya mbili alizofanyishwa mazoezi jana yake. Anaweza kugawa madaftari. Hiyo naipenda kuliko zote, maana inamlazimu kusoma kila jina, kumtafuta mwenyewe na kumkabidhi mkononi. Ndani ya wiki mbili atayajua majina yote, na kila mtoto wa darasa hilo atakuwa amemtazama usoni mara kadhaa kwa sababu isiyo ya huruma.

Ninachokiogopa ni mchango wa aina moja ambao shule huukimbilia, wa kumfanya mtoto balozi. Mara moja kwa mwaka anavaa nguo za kwao, anasimama mbele, anaeleza nchi ambayo huenda aliiacha akiwa na miaka mitano, au ambayo ina mambo asiyotaka kuyataja mbele ya mtu. Siku nyingine zote hana la kusema. Hiyo ni nafasi, nakubali, ila inamwambia yeye na wenzake kwamba kitu pekee anachokijua ni kutoka kwingine. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 29, unataka elimu imjengee mtoto heshima kwa utambulisho na lugha yake, kwa maadili ya nchi anayoishi na ya nchi alikotoka. Mimi heshima hiyo naiona zaidi pale mtoto anaporuhusiwa kuandika rasimu ya insha kwa lugha yake kabla ya kuigeuza, au kuhesabu kwa lugha yake bila kukemewa, kuliko pale anapoombwa acheze ngoma. Naiona pia pale anaporuhusiwa kukataa kueleza.

Kimya chake nacho kinahitaji kusemewa, kwa sababu kimewaharibia watoto wengi. Mtoto anayeingizwa katika lugha mpya mara nyingi hunyamaza kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi. Wataalamu wa kujifunza lugha wanakijua kipindi hicho na hawakihesabu kuwa kasoro: mtoto anasikiliza, anakusanya, anajaribu maneno moyoni kabla ya kuyatoa. Darasani kimya hicho kinasomwa vibaya. Mwalimu mmoja ataona uzito wa akili, mwingine ataona kiburi, wa tatu atapendekeza mtoto apelekwe kupimwa. Jim Cummins, mtafiti wa elimu nchini Kanada, alichunguza tathmini za kisaikolojia za wanafunzi ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili, akakuta watoto waliozungumza Kiingereza chepesi cha kila siku wakipimwa uwezo kwa Kiingereza cha mitihani, wakishindwa, kisha wakiandikwa kuwa wana upungufu.

Tangu 1979 Cummins amekuwa akitenganisha mambo mawili ambayo sikio la kawaida linayachanganya. Lugha ya uwanjani, ya kuazimana penseli na kubishania mpira, mtoto huipata katika miaka miwili hivi. Lugha ya vitabu, ile ya "eleza sababu" na "linganisha" na "thibitisha", humchukua kati ya miaka mitano na saba kuwafikia wenzake waliokulia ndani yake. Na wenzake hawajasimama wakimngoja; kila mwaka nao wanasonga mbele, kwa hiyo lazima ajifunze kwa kasi kuliko wao ili tu pengo lipungue. Ukiyashika maneno hayo utaona kwa nini shule hukosea mara mbili kwa mtoto yuleyule. Mwanzoni zinamdhania hajui kitu kwa sababu hasemi. Miaka miwili baadaye zinamdhania anajua kila kitu kwa sababu anasema vizuri, na akianguka mtihani wa historia zinamwita mvivu. Kosa la pili ndilo linaloniumiza zaidi, maana linamkuta mtoto ambaye amejitahidi kweli, na sasa jitihada zake zinageuzwa ushahidi dhidi yake.

Kosa la kwanza huanzia ofisini, siku ya kuandikishwa, anapopangiwa darasa. Mfikirie mtoto wa mashariki ya Kongo anayezungumza Kiswahili nyumbani, aliyesoma hadi darasa la tano kwa Kifaransa. Anavuka mpaka na kuingia Uganda, ambako kuanzia darasa la nne masomo yote ni kwa Kiingereza. Uganda inastahili sifa: watoto wakimbizi wanasoma shule moja na watoto wa nchi, kwa mtaala mmoja, na zipo nchi tajiri mara nyingi kuliko yake zisizothubutu kufanya hivyo. Hata hivyo mtoto huyo anaweza kurudishwa madarasa ya chini, kama wengi walivyorudishwa, kwa sababu tu mtihani wa kumpokea ulikuwa wa Kiingereza. Anakaa na watoto wadogo kwake, magoti hayaingii chini ya dawati, anafundishwa kujumlisha wakati kwao alishafika kwenye sehemu na desimali. Alichokuwa hana ni Kiingereza. Hesabu alikuwa nayo, na rika alikuwa nalo. Hatushangai anapoacha shule akiwa na miaka 14, na mara nyingi tunasema hakupenda kusoma.

Uswidi ilijaribu kuliziba tundu hilo. Sheria iliyoanza kutumika 2016 inaitaka shule itathmini anachokijua mtoto mgeni ndani ya miezi miwili tangu aingie, na nyenzo za tathmini zimeandaliwa ili ajieleze kwa lugha anayoimudu zaidi, mkalimani akiwepo inapobidi. Anaulizwa alisoma wapi na kwa muda gani, anasoma nini kwa raha yake, anaitatua vipi hesabu hii. Anayejibu maswali kama hayo anajua kwamba maisha yake kabla ya kuja hapa yamehesabika. Huo kwangu ni ukaribisho mkubwa kuliko bango lolote la mlangoni, na unafanyika katika chumba kidogo bila mtu wa kupiga makofi.

Kisha kuna suala linalowagawa watu wa elimu kila mahali: mtoto awekwe kwanza katika darasa la wageni peke yao hadi ajue lugha, au aingie na wenzake tangu mwanzo? Austria katika mwaka wa masomo wa 2018/19 ilianza kuwaweka wasiojua Kijerumani cha kutosha katika madarasa maalumu, saa 15 kwa wiki katika shule za msingi na 20 katika ngazi inayofuata. Ufaransa, kwa mwongozo wa 2012, inamwandikisha mtoto katika darasa la kawaida la umri wake, kisha inamtoa kwa saa maalumu za Kifaransa, zisizopungua 9 kwa wiki katika shule za msingi na 12 za sekondari. Anayesoma tu takwimu hizi ataona tofauti ndogo. Kwa mtoto tofauti ni kubwa. Huyu wa pili, tangu asubuhi ya kwanza, yumo kwenye orodha ya darasa fulani, ana kiti chake, na katika michezo, muziki, sanaa na hesabu anakuwa na watoto ambao atakua nao. Huyu wa kwanza anajifunza lugha ya nchi akiwa amezungukwa na watoto ambao nao hawaijui, na anapohamia darasa la kawaida baada ya mwaka anaanza ugeni upya, safari hii bila sherehe.

Naelewa wanaotetea darasa la wageni peke yao. Mtoto ambaye hajawahi kushika kalamu akiwa na miaka 11, au aliyepitia mambo yanayomfanya ashtuke mlango ukifungwa kwa nguvu, anahitaji chumba kidogo na mwalimu asiye na haraka. Huko anaweza kukosea bila kuchekwa. Lakini hoja hiyo inahusu watoto fulani kwa muda fulani, na serikali huipanua ikawafunika wote kwa sababu ni rahisi kuendesha. Uswidi imeweka ukomo wa miaka miwili na kutaka mtoto awe pia sehemu ya muda katika darasa la kawaida. Ukomo wa aina hiyo ndio jambo la kudai popote penye madarasa haya, kwani chumba kisicho na tarehe ya kutoka kinageuka makazi.

Kumtumbukiza tu bila msaada nako ni kumtupa. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza habari za watoto wa asili ya Kichina wapatao 1,800 mjini San Francisco walioketishwa madarasani bila msaada wowote wa Kiingereza. Majaji walisema kuwapa vitabu vilevile, walimu walewale na mtaala uleule hakuwi usawa ikiwa hawaelewi kinachofundishwa. Miaka minane baadaye, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, mahakama hiyohiyo iliizuia Texas kuwanyima elimu ya bure watoto wasio na vibali vya kuishi nchini. Kura zilikuwa 5 kwa 4. Elimu ya watoto hao wote ilisimama juu ya kura moja, na tangu hapo hawakukosekana wanasiasa wanaotaka suala hilo lirudishwe mahakamani. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 nao, katika kifungu cha 22, unaahidi elimu ya msingi sawa na ya raia. Ahadi ni nzuri, ila ripoti ya 2023 ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilisema zaidi ya watoto wakimbizi milioni 7, kama nusu ya wote walio na umri wa kusoma, hawakuwa shuleni kabisa. Ninapodai mtoto apewe zamu ya madaftari sisahau kwamba kuna mwingine ambaye hajaliona hata geti la shule.

Turudi ndani ya geti. Shule nyingi humpa mgeni mwenzi mmoja wa kumtembeza, na pakiwa na mtoto wa lugha yake huchaguliwa huyo. Kwa siku chache inasaidia sana. Kusikia lugha yako katika jengo ambalo kila kitu ni kigeni kunaondoa nusu ya hofu. Baada ya mwezi mambo yanageuka. Mtoto yule mwenyeji kidogo amekuwa mkalimani asiyelipwa: anakosa maelezo yake mwenyewe kwa sababu anatafsiri ya mwenzake, anaitwa atoke somoni mzazi wa mgeni akija ofisini, analaumiwa mgeni akikosea. Naye alikuwa mgeni juzi tu. Mzigo huo ugawanywe kwa watoto watatu au wanne, kwa zamu na kwa kazi zinazojulikana: mmoja wa njia na vyumba, mmoja wa mapumziko, mmoja wa kukaa naye kwenye hesabu. Na ukalimani wa wazazi ufanywe na mtu mzima. Huko Ontario, Kanada, kuna wafanyakazi wa kusaidia familia zilizohamia ambao kituo chao cha kazi kiko ndani ya shule, na mzazi anayeingia anakutana na mtu ambaye kazi yake ni kumwelewa. Mtoto anayetafsiri kikao kinachohusu tabia yake mwenyewe, huku mama yake akimtazama mdomo, amebebeshwa jambo ambalo hakuna mtoto anayepaswa kulibeba, na kila aliyekaa kwenye meza ile analijua hilo.

Walimu watanijibu kwamba darasa lina watoto sitini, muhula ni mfupi, na mtihani haumngoji mgeni. Ni kweli, na sitaki kuwaongezea lawama watu ambao wengi wao ndio pekee wanaojaribu. Kuna sehemu ya kazi hii isiyodai fedha: zamu, vikundi, mpango wa kuketi, kujifunza kulitamka jina la mtoto badala ya kulifupisha bila ruhusa, mwalimu wa zamu kuanzisha mchezo mmoja uwanjani ambao sharti lake la kuingia ni kuwa na miguu. Hizo mwalimu mwenye watoto sitini anaziweza, na ninaamini zinampunguzia kazi. Ila kuna sehemu inayodai fedha, na wakubwa wasijifiche nyuma ya moyo mzuri wa mwalimu kukwepa kuilipia. Mwalimu wa lugha aliyefunzwa, mkalimani, muda wa tathmini, vitabu vya lugha mbili: haya yanatoka kwenye bajeti, na pasipokuwa na bajeti hayapo, hata darasa liwe na upendo kiasi gani.

Bajeti hiyo, pale inapokuwepo, kwa kawaida hukatwa mapema. Mtoto analipiwa mwaka mmoja au miwili, anaanza kuongea kama wenzake, jina linafutwa kwenye orodha ya wanaosaidiwa, na nafasi inapewa mwingine. Kwa hesabu ya Cummins bado ana miaka mitatu hadi mitano mbele yake, na ndiyo miaka ya mitihani mikubwa. Mwalimu wake mpya wa jiografia anasikia lafudhi safi na hana namna ya kujua kwamba mtoto huyu alianza kusoma lugha hii akiwa na miaka 9. Kwa hiyo faili la mtoto limfuate kila darasa: liseme aliingia lini, alisoma nini kabla ya hapo na kwa lugha gani, na msaada upi ulikatwa mwaka gani. Kila mwalimu wa somo anayempokea alisome kabla ya kumpa alama ya kwanza, na haki ya kurudishiwa msaada ibaki wazi hadi siku anapomaliza shule.